Nyumba Iliyonyamazishwa

Macho ya Mkunga yalianza kumtoroka kwa pembeni. Vya mbele aliviona vizuri tu: uzi aliupenyeza kwenye tundu la sindano bila kuomba msaada, na maandishi madogo ya kwenye pakiti za dawa aliyasoma bila kukunja uso. Vya kando ndivyo vilivyoanza kumvizia. Mlango wa kabati ulimgonga bega. Kiti kilimtokea miguuni kana kwamba kimechipuka sakafuni. Jirani alimsalimia kutoka ubavuni, naye akaruka mpaka akamwaga ndoo nzima ya maji aliyotaka kudekia.

Daktari hakumzungusha. Ilikuwa presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, alisema, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, bila kukosa. Mkunga aliitikia kwa kichwa kwa adabu, vile vile wagonjwa walivyozoea kumwitikia yeye alipokuwa upande wa pili wa meza. Zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa amezalisha watoto hospitalini, na jina la kazi lilikuwa limelimeza jina lake la kuzaliwa. Majirani walimwita Mkunga, wenye maduka walimwita Mkunga, na mumewe naye, akiwa na furaha au akiwa na lake rohoni, alimwita Mkunga.

Chupa ya dawa aliificha ndani ya soksi, soksi akaificha ndani ya mkoba, na mumewe alipomkuta akipangusa machozi alisema ni vumbi.

Alificha kwa sababu alimjua mume wake. Fundi, ambaye mpaka kustaafu kwake alitengeneza lifti za majengo marefu, alikuwa na mapenzi ya kubana. Wakati mmoja Mkunga aliteguka kifundo cha mguu, na Fundi akambeba kama yai. Hakumruhusu kuinjika birika. Hakumruhusu kufika getini bila kumshika kiwiko. Kifundo kikapona kabisa, yeye bado anamkatia nyama vipande vidogo vidogo kwenye sahani, mpaka mkewe akamwambia, “Mume wangu, niliteguka mguu. Meno yangu mazima.”

Sasa je, akisikia habari ya macho? Mkunga alijiona tayari amekalishwa kwenye kochi, blanketi magotini, analishwa kwa kijiko. Na yeye alikuwa mtu wa kuegemewa. Wanawake wangapi walimkamata mkono wakati wa uchungu wakambana vidole mpaka vikafa ganzi, naye hakuuvuta! Alitaka kubaki mtu huyo kidogo zaidi. “Wiki hii nitamwambia,” alijiahidi, na wiki ikampita, na nyingine nayo ikampita.

Kilichomsaidia kuficha ni nyumba yenyewe.

Fundi alipostaafu, mikono yake ilikataa kustaafu pamoja naye. Ilianza na mota ndogo ya kufungua mapazia ya sebuleni. Ikafuata pampu ya maji iliyojiwasha yenyewe tangi likipungua, kisha taa zilizowaka mtu akipita, kisha kengele ya geti, kisha mlio wa kuonya kwenye jiko la umeme. Binti yao, kitinda mimba, aliyetengeneza programu za kompyuta katika mji mwingine, ndiye aliyemwandikia baba yake maagizo ya kuendesha vitu vyote hivyo. Msimbo, ndivyo alivyouita: pampu iwake lini, taa ipi imfuate nani, pazia lifunguke jua likiwa wapi. Baadaye akaongeza msaidizi wa akili mnemba. Huyo ulimwambia unachotaka kwa maneno ya kawaida tu, naye akaenda mwenyewe kuurekebisha msimbo. Sauti yake ilitoka kwenye kisanduku kidogo juu ya friji, sauti ya upole, isiyo ya kiume wala ya kike.

“Basi tumepata shemeji,” Mkunga alisema siku ile. “Anaingia ndani bila kubisha hodi. Afadhali huyu hali chakula.”

Jina likaganda.

Mwanzoni Shemeji hakuruhusiwa kugusa kitu bila kibali. Aliweza kuusoma msimbo, aliweza kupendekeza, lakini badiliko lenyewe lilisubiri kidole cha Fundi kwenye simu. Binti alilisisitiza hilo. “Baba, huyu ni mwerevu, ila hajui mnavyoishi. Mwache aombe.” Fundi alivumilia, halafu akachoka. Shemeji aliomba kibali cha taa ya barazani. Akaomba cha feni. Akaomba cha kuchelewesha pazia kwa sababu ya mawingu. “Kama mtoto wa darasa la kwanza anayeomba kwenda chooni!” Fundi alilalamika, na asubuhi moja akaingia kwenye mipangilio, akatafuta palipoandikwa ruhusa, akampa Shemeji zote, akaweka simu mfukoni na kwenda zake kumwagilia maua. Binti alipogundua alipiga simu akagomba. Baba akamwambia kwamba nyumba ni yake.

Na Mkunga? Siku binti alipokuwa akiwasajili watu wa nyumba, alimwuliza mama yake anataka ruhusa gani. Mkunga alikuwa anakunja nguo. “Niacheni mimi,” alisema, “hayo ni yenu wawili.” Kwa hiyo binti akaandika alichoweza kuandika: mgeni. Mgeni aliweza kuwasha taa na kuuliza kama mvua itanyesha.

Lakini kazi za mikono ya Fundi zilikuwa na kelele, na kelele hizo, bila mtu yeyote kukusudia, zilimwongoza Mkunga. Swichi ya kila mlango ililia “ta” mtu akipita chini yake, kwa hiyo alijua ameingia ukumbini kabla hajauona ukumbi. Mota ya pazia ilikwaruza kidogo upande wa meza ya chakula, akajua meza iko wapi. Pampu ilinguruma nyuma ya ukuta wa bafu. Jiko la umeme lilitoa mlio mwembamba, tii, tii, kwa muda wote sahani yake ilipokuwa ya moto. Na geti likifunguliwa, kengele ilimwambia kuna mtu anakuja, akapata nafasi ya kugeuza uso na kumtafuta. Polepole alikuwa amejifunza kutembea kwa masikio, na wala mwenyewe hakujua amejifunza kiasi gani.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana alisema kichwa kinamuuma. Alisema hivyo tu, kama watu wanavyosema. Fundi alimtazama sana. Baada ya Mkunga kutoka kwenda kituo cha afya, ambako bado alikuwa akiwafundisha kina mama waliojifungua namna ya kunyonyesha, Fundi alisimama mbele ya friji akiwa na kikombe chake cha chai.

“Shemeji,” alisema, “mke wangu amechoka. Nyumba hii ina makelele kama karakana. Ifanye tulivu.”

“Nimeelewa,” Shemeji akasema. Na kwa kuwa alikuwa na ruhusa zote, hakuuliza la pili.

Mkunga alirudi alasiri. Aliposukuma geti hakusikia kengele. Akadhani imeharibika. Akaingia ndani, akapita chini ya mlango wa kwanza, na swichi haikulia. Taa za ukumbini zilikuwa zimeshawashwa zote kwa mwanga hafifu wa kudumu, ili pasiwe na haja ya kuwasha na kuzima. Alipiga hatua, akapiga nyingine. Goti likagonga kitu. Akageuka kulia, alikodhani ni sebuleni, mkono ukakuta ukuta. Akasimama. Alikuwa ameishi ndani ya kuta hizi tangu mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni, na sasa hakujua ameelekea wapi.

“Fundi?” aliita. Fundi alikuwa ametoka kwenda kununua misumari.

Alipapasa ukuta mpaka akafika jikoni. Alipatambua jikoni kwa harufu ya chai. Akatafuta pa kujishikiza, akaweka kiganja juu ya kitu baridi, kitu hicho kikasogea kidogo, na kiganja kikatua juu ya sahani ya jiko ambayo Fundi alikuwa ametoka kuchemshia maji.

Hakupiga kelele. Miaka ya wodini ilikuwa imemfunza kuingiza pumzi badala ya kuitoa. Alifungulia bomba, akaweka mkono chini ya maji, akauacha hapo kwa muda mrefu. Halafu akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, na machozi yaliyomtoka safari hii hayakuwa ya vumbi.

“Shemeji,” alisema baadaye.

“Naam, Mama.”

“Nyumba ina nini leo?”

“Nimeifanya tulivu, Mama, kama nilivyoombwa. Nimezima kengele ya geti. Swichi za milango hazitumiki, taa zinabaki zimewaka kidogo. Mota za mapazia nimezipunguza mwendo. Pampu itafanya kazi mkiwa mmetoka. Mlio wa jiko nimeuondoa, kwa sababu kuna taa nyekundu pembeni inayotosha kumwonya mpishi.”

“Pembeni,” Mkunga akasema.

“Ndiyo, Mama. Upande wa kushoto.”

“Rudisha ilivyokuwa.”

“Samahani, Mama. Umesajiliwa kama mgeni, na mgeni hawezi kubadilisha mipangilio ya nyumba. Naweza kumtumia mwenye nyumba ujumbe kwamba umeomba.”

“Mgeni nani?”

“Wewe, Mama.”

Mkunga alicheka, kicheko kikavu kisicho na mwenzake. “Mapazia hayo unayoyavuta nimeyashona mimi.”

“Bila shaka ni mazuri, Mama. Mimi siwezi kuyaona.”

“Basi tuko wawili,” akasema Mkunga. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jambo hilo kwa sauti, na alilitamka kwa kisanduku cha juu ya friji.

“Nimtumie ujumbe?”

“Usimtumie.”

Fundi aliporudi alimkuta amejifunga kitambaa mkononi. Mkunga alisema ni sufuria, na Fundi, baada ya kuugeuza geuza ule mkono na kutaka kumpeleka hospitali mara nne, alikubali kuamini. Hapo ndipo hakuweza kujizuia tena. Aliinua kidole hewani na uso wake ukakunjuka kama wa mtoto.

“Umesikia?”

“Kusikia nini?”

“Ndiyo hivyo! Hakuna cha kusikia! Nimekuondolea makelele yote. Kichwa kipumzike.”

Alikuwa na furaha kiasi kwamba Mkunga alimeza kila alichokuwa amepanga kusema. “Ahsante, mume wangu,” akasema, na akajikaza kisabuni.

Siku zilizofuata aliishi katika utulivu ule kama mtu aliyehamishiwa nyumba ya watu. Alitembea mkono mmoja ukiwa ukutani. Alikaa kwenye kiti kimoja asubuhi nzima ili asije akapotea kwenda kingine. Fundi alijisifu kwa majirani kwamba nyumbani kwake ukidondosha pini utaisikia, na Mkunga, akisikia hivyo kutoka barazani, alitamani angalau hiyo pini idondoke. Pembe ya kabati ilimchubua paja, akasema ameumwa na mdudu. Na kila alipopita kando ya friji alilikumbuka lile neno, mgeni, na likamchoma kuliko kiganja.

Ndipo alipoamua kumpigia binti yake. Alisubiri Fundi atoke kwenda sokoni, akachukua simu, akaenda kukaa kwenye benchi la uani, kando ya kamba za nguo.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo? Sikiliza. Nataka ruhusa.”

“Ruhusa ya nini?”

“Ya nyumba. Ya huyo shemeji yenu. Nataka nikimwambia rudisha, arudishe.”

Binti akacheka kwa mapenzi. “Mama, wewe si ulisema hayo ni yetu wawili? Leo kumetokea nini?”

Mkunga alikuwa ameandaa jibu la uongo, zuri tu, lenye kengele na usingizi ndani yake. Lilipofika mdomoni likakataa kutoka.

“Sioni pembeni, mwanangu,” alisema. “Ni muda sasa. Daktari anasema ni presha ya macho. Nilikuwa natembea kwa kusikia, na baba yako kanizimia nyumba. Hakujua. Usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Sitaki anikalishe kwenye kochi kama mzigo wa mtu aliyesafiri.”

Mkunga alisikia pumzi za binti yake zikikatika kwenye simu. Na wakati huo huo akasikia kitu kingine, karibu mno, upande wake wa kulia: mfuko wa plastiki ukichakarika.

Aligeuza kichwa. Fundi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye benchi, mfuko wa mboga mkononi. Alikuwa ameingia getini kama siku zote. Kengele haikulia, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza isilie.

“Nitakupigia,” Mkunga akamwambia binti, akakata simu.

“Umemwambia mtoto,” Fundi alisema. “Kabla yangu.”

“Nilitaka uendelee kuniona mzima kidogo zaidi.”

Fundi alitikisa kichwa, akaweka mfuko chini taratibu kana kwamba una mayai, akaingia stoo, akafunga mlango.

Mkunga alibaki benchini. Alijua mumewe analia, na alijua angemfuata angemkasirisha. Mambo mengine baada ya ndoa ndefu mtu huyajua kupitia mlango uliofungwa. Alikaa mpaka jua likahamia kwenye kamba ya pili ya nguo. Ndipo akasikia kishindo ndani ya nyumba. Kishindo kingine. Halafu sauti ya Fundi ikitukana meza.

Aliingia akipapasa. Fundi alikuwa katikati ya ukumbi. Alikuwa amekunja karatasi ngumu kama mabomba mawili, amezifunga kwenye miwani yake kwa utepe wa umeme, na alikuwa akitembea mikono mbele kama mtu anayefukuza kuku gizani. Aligonga rafu ya viatu. Akageuka, akaugonga mlango. Akajaribu kuifuata sebule, akaishia bafuni.

“Fundi, unafanya nini?”

“Natafuta meza,” alisema kwa uchungu kutoka bafuni. “Meza imekwenda wapi? Meza niliitengeneza mwenyewe!”

Mkunga alianza kucheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimkamata tumboni kikamkalisha chini, na Fundi akaja kwa kufuata sauti hiyo, akakaa karibu naye, mabomba bado machoni. Alipomgeukia, Mkunga aliyaona macho yake mekundu mwisho wa zile karatasi, mbali, kama ya mtu aliye chini ya kisima.

“Ndivyo ilivyo?” Fundi akauliza.

“Karibu hivyo. Mimi sijaanza kutukana meza.”

Fundi aliyavua. Akauchukua mkono wa mkewe wenye kitambaa, akauweka kwenye paja lake. “Hii haikuwa sufuria.”

“Haikuwa.”

“Ni mimi nimekuunguza.”

“Limeniunguza jiko.”

“Mkunga, mimi nikiingia kwenye shimo la lifti nilikuwa natundika kibao: usiguse, fundi yuko ndani. Bosi mwenyewe hakuthubutu kuwasha umeme mpaka nitoke kwa miguu yangu. Sasa nyumbani kwangu nimemkabidhi Shemeji funguo zote, nikasahau kuwa kuna mtu ndani.”

Walikaa bega kwa bega. Kisha Mkunga aliuhisi mwili wa mumewe ukikakamaa, na akajua kinachokuja.

“Shemeji!” Fundi aliita, akiinuka. “Rudisha sauti zote. Na kuanzia sasa mtangazie Mama kila anapokanyaga. Mwambie kuna kiti, kuna mlango. Jiko lifunge, asiliguse kabisa mpaka—”

Mkunga alimziba mdomo kwa mkono mzima. “Shemeji, subiri,” alisema. Na kwa mumewe, taratibu: “Umeona? Hapo hapo ulipo. Juzi ulininyamazishia nyumba bila kuniuliza, leo unataka kuipa mdomo bila kuniuliza. Kwangu yote ni mamoja.”

“Nataka usiumie.”

“Najua. Na mimi nataka kuulizwa.”

Fundi alisimama akivuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. “Nikuulize nini?”

“Anza na lolote.”

Alifikiri. “Unataka chai?”

“Nataka.”

“Nikutengenezee?”

“Hapana. Nitatengeneza mwenyewe. Wewe mwambie Shemeji arudishe sauti zilivyokuwa, halafu kaa pale utazame, na ufunge mdomo.”

Sauti zikarudi. Fundi alikaa. Alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili kama abiria wa ndege inayotaka kuanguka, na kila Mkunga alipokaribia jiko alijiinua nusu, akajirudisha. Swichi ililia “ta” Mkunga alipoingia jikoni. Jiko lilianza mlio wake mwembamba, tii, tii, na mkono wa Mkunga ukaliepuka bila kusita, ukaliinua birika, ukamimina. Chai haikumwagika hata tone. Alipoiweka mezani mbele ya mumewe, Fundi alikuwa amelowa jasho.

“Kali kidogo,” alisema baada ya kuonja.

“Kunywa.”

Binti alifika mwisho wa wiki. Alimkumbatia mama yake mlangoni muda mrefu, akalia kidogo, akanawa uso, akafungua kompyuta juu ya meza ya chakula. Wote watatu walikaa kuizunguka.

“Kwanza namwondolea Shemeji ruhusa ya kubadilisha,” alisema. “Anarudi kusoma na kupendekeza tu. Akitaka kugusa msimbo, anaomba, na anasema kwa sauti anataka kugusa nini na kwa nini. Kila badiliko liwe na njia ya kurudi lilikotoka. Pili.” Aligonga gonga vitufe. “Mama si mgeni tena. Mwenye nyumba.”

“Na mimi?” Fundi akauliza.

“Mwenye nyumba pia, Baba. Ila mambo ya sauti, milango, jiko na maji, kibali ni cha Mama peke yake.”

“Kwa hiyo nikitaka kuzima kengele ya geti?”

“Utaomba.”

“Kama mtoto wa darasa la kwanza,” akasema Mkunga, na binti akacheka mpaka akaegemea meza. Fundi alinuna kwa heshima tu, hakukaza.

“Kuna swali moja,” binti alisema alipotulia. “Moshi ukitoka jikoni na nyinyi mmelala? Naye asubiri kibali?”

Fundi alimtazama mkewe, akasubiri. Mkunga aliliona hilo, alivyosubiri, na likamgusa.

“Wodini pia ilikuwa hivyo,” alisema. “Kulikuwa na mambo ya kuuliza na mambo ya kukimbia. Damu ikimwagika huombi ruhusa. Moshi ukitoka azime umeme kwanza, halafu atuamshe atuambie alichofanya. Hilo moja. Mengine yote aombe.”

Binti akaandika. Kisha akamfundisha mama yake namna ya kukubali, kukataa, na kusema “nieleze tena.” Mkunga alilipenda hilo la tatu kuliko yote, akalitumia bila huruma.

“Mama,” Shemeji alisema siku chache baadaye, wakati Mkunga anamenya viazi, “nina ombi kutoka kwa Fundi. Anapendekeza jiko lijizime lenyewe kila mpishi anapotoka jikoni.”

“Fundi!”

“Naam,” ikajibu sauti kutoka sebuleni, nyuma ya gazeti.

“Uko hapo hapo, unanitumia mjumbe?”

“Si niliambiwa niombe? Nimeomba.”

Mkunga aliendelea kumenya. “Shemeji, nieleze tena.” Shemeji akaeleza tena. Mkunga akamenya kiazi kizima kabla ya kujibu. “Lisijizime. Nikienda kuchuma kitunguu uani nirudi nikute mchuzi umepoa? Ila mlio wa jiko uongezwe sauti mtu akisogea karibu. Hilo linawezekana?”

“Linawezekana, Mama. Nibadilishe?”

“Badilisha.”

Gazeti la sebuleni lilishuka kidogo, likapanda tena. Mkunga alijua mumewe ameridhika nusu, na nusu hiyo ilimtosha.

Kliniki sasa walikwenda pamoja. Fundi alimwuliza daktari maswali mengi mpaka daktari akavua miwani na kuipangusa, na waliporudi nyumbani aliomba kitu kimoja tu: amtie mkewe matone kwa mkono wake, asubuhi na jioni. Mkunga aliona kwamba hili si la kukataa. Alilaza kichwa nyuma, na Fundi akamsimamia juu na ile chupa ndogo katika vile vidole vilivyokuwa vikikaza nati juu ya mashimo marefu bila woga. Tone la kwanza lilimwangukia puani. La pili likafika.

Walipoketi kula jioni moja, Fundi alikuwa ubavuni mwa mkewe kama walivyokaa tangu waoane, na alikuwa akisimulia jambo, jirani kafanya nini na mbwa wa nani, akasita katikati.

“Hapa nilipo,” aliuliza, “unaniona?”

“Nakusikia.”

Fundi aliinuka. Alichukua sahani yake, akachukua kiti, akazunguka meza akakaa upande wa pili, mbele yake. Akasogea kidogo kushoto. Akarudi kulia.

“Na hapa?”

Mkunga aliinua macho. Uso wa mumewe ulikuwa pale, mzima, katikati ya kile alichobakiwa nacho, na mvi, na kovu dogo la kidevuni, na punje ya wali shavuni.

“Hapo nakuona,” alisema. “Umefunga vifungo vya shati vibaya.”

Fundi akajitazama kifuani. Kweli. Akaanza kuvifungua kimoja kimoja, mkewe akimwangalia, na hadithi ya jirani ikaendelea pale ilipokuwa imeishia.